Hatuna Ndugu Anayeitwa Hodi

Durban, South Beach

Kaka mpendwa,

Mama amerudi nyumbani. Najua umeshasikia, maana simu yangu inalia tangu jana, jina lako liko pale kwenye kioo, na mimi sipokei. Sipokei kwa makusudi. Kwenye simu huwa unanishinda: una sauti ya baba, una maneno ya watu waliosoma, nami kabla sijafungua kinywa nimeshasema "sawa, kaka". Leo utanisoma mpaka mwisho na hutanikatiza. Tena barua hii nimeiacha wazi, nimempa na katibu wa jumuiya yetu awasomee watu, kwa sababu hapa Durban siko peke yangu mwenye mzee ndani na kaka ng'ambo.

Kwanza nikupe haki yako. Wewe ndiye uliyeitafuta ile nyumba ya wazee kule Morningside. Ulikaa kwenye kompyuta yako huko Kanada, ukazungumza na matroni, ukasema gharama zote niachie mimi. Hukufanya vibaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa. Mama alikuwa anatoka fletini nikiwa saluni, anaingia kwenye lifti, anashuka ghorofa yoyote itakayofunguka, anasimama kwenye milango ya watu. Mlinzi wa jengo akawa ananipigia kila mara: "Eish, sisi, gogo wako yuko tena huku juu kwa watu." Ndivyo wanavyosema hapa: dada ni sisi, bibi ni gogo. Siku moja aliweka sufuria tupu motoni akaenda kulala. Basi uliposema makao ya wazee sikupiga kelele. Nilisema nitakwenda kuona.

Nilikwenda, na nilikagua kwelikweli. Unanijua, mimi ni mtu wa saluni, mgeni yeyote naanza kumtazama kichwa. Nilipita kati ya wale bibi nikitazama nywele: zimechanwa, hazina mba, na nyuma ya masikio pasafi. Nikatazama kucha. Nikainama kana kwamba nafunga kiatu, nikanusa godoro. Nikaomba kuonja supu, nikakuta haina chumvi lakini ni ya moto. Kuna bustani, kuna vyuma vya kushikilia ukutani, kuna wahudumu wanaocheka. Nikakuandikia: "Kaka, ni pazuri." Sifuti neno hilo. Asije mtu akasema nimewasingizia.

Tukakubaliana mama akae wiki moja ya majaribio. Wao wampime yeye, sisi tuwapime wao. Nilimpeleka na vitenge vyake na ile blanketi ya baba, nikamwacha ameketi dirishani akitazama miti. Kwenye taxi ya kurudi nililia mpaka abiria mwenzangu, mama nisiyemjua, akanipa tishu.

Wiki haikuisha. Matroni alinipigia nikiwa nasuka mteja. Ni mama mpole, anaongea Kiingereza taratibu ili nimwelewe. Aliniambia, "Mama yako anamwita mtu kutwa nzima. Anasimama mlangoni, anakataa kuingia, anamwita Hodi. Huyo Hodi ni mumewe? Kama yuko Durban, tafadhali mlete amtembelee. Itamsaidia sana."

Kaka, nilibaki nimeshika kitana hewani. Alilitamka lile neno kwa kulipitisha puani, likatoka kama jina la Mzungu fulani, na kwa muda kidogo hata mimi nilijiuliza ni nani huyo. Halafu likanifikia. Nikamwambia mteja, "Dada, nisamehe, nakuacha nusu kichwa, nakuja." Nikaondoka na aproni yangu.

Nilimkuta mama amesimama nje ya chumba cha kulia. Mlango ulikuwa wazi, umeegemezwa ukutani kabisa, na ndani wazee wanakula. Alikuwa amejifunga kitenge vizuri, ameshika mikono mbele kama mtu aliyekuja kutoa pole. "Hodi!" anasema. "Hodi hapa?" Kisha anangoja. Anarudi nyuma hatua moja, kama inavyotakiwa, asije akachungulia ya watu. Hakuna anayeitika. "Hodi jamani!" Akapita binti mmoja mhudumu amebeba sinia, akamgusa bega kwa upendo wa kweli, akamwambia kwa Kiingereza, "Hodi anakuja, gogo. Hodi anakuja baada ya chakula." Mama asiyejua Kiingereza akaitikia kwa kichwa, akaendelea kungoja.

Ndivyo walivyomwambia tangu siku ya kwanza. Asubuhi Hodi yuko njiani, mchana Hodi atakuja jioni. Na wote walisema kwa wema, hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana mtu mbaya ningemgombeza nikapona.

Mama aliponiona hakunijua. Lakini alifurahi kupata mtu wa kusema naye. "Mama, unisaidie," akaniambia. "Naita, naita, hawaitike. Mu hii nyumba hamuna batu?"

Nyumba imejaa watu, kaka. Watu tele, wana nywele safi. Na mama yetu alikuwa ana hakika hamna mtu hata mmoja.

Matroni akaniita ofisini. Akaeleza kwamba wakimvuta kuingia anashikilia fremu ya mlango na kupiga kelele. Kwamba anasimama mpaka miguu inavimba. Kwamba wakimletea sahani pale nje hali, anaisukuma. Bila shaka! Mama ale amesimama uani kwa watu asiowajua, wenye nyumba hawajamkaribisha? Matroni akasema daktari wao anapendekeza kidonge kidogo cha kumtuliza, asubuhi na jioni, awe anakaa kwenye kiti. Wanangoja tu sisi tukubali. Kisha akaongeza, "Kuhusu huyo Hodi nilimuuliza kaka yako kwa simu. Alifikiri sana. Akasema kwenu hamna ndugu anayeitwa Hodi, pengine ni rafiki yake wa utotoni."

Wewe, kaka. Wewe!

Hebu turudi kwetu Uvira kidogo, wewe na mimi. Tunatoka shule, jua kali, umenibeba mgongoni kwa kuwa nimekataa kutembea. Njaa inatuuma. Harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, iko hadi barabarani. Unausukuma mlango kwa goti, na mama yuko palepale, mwiko mkononi, anatuona, tunamwona. "Nani amewaita?" anauliza. "Murudi inje." Nasi tunarudi mpaka kwenye fensi, mimi bado niko mgongoni, unapaza sauti, "Hodi!" Anatuchelewesha. Anakoroga chungu chake kwanza. Kisha anaitika kwa ule wimbo wake, "Kaaaribu!", na uso wake umebadilika, kana kwamba tumetoka safari ya mbali na yeye hakutegemea bahati hiyo. Siku moja ulichoka ukamwambia, "Mama, lakini hapa ni kwetu!" Akakujibu, "Kwenu ndiko kwa kuanzia." Tulimcheka sana tukiwa kitandani. Tulikuwa tunamwiga.

Na ile siku nyingine unaikumbuka, najua, hata kama tangu tutoke kwetu hatujawahi kuitaja. Baba hakuwepo. Wale watu wenye bunduki walipoanza kuupiga mlango kwa buti, wewe ulinivuta chini ya kitanda, ukaniziba mdomo kwa kiganja chako. Nilikuwa naona visigino vya mama tu. Visigino havikutikisika. Akasema kwa sauti ileile aliyotusemea sisi: "Hapa iko batu. Ku batu banapigaka hodi." Buti zikanyamaza. Nilidhani dunia imekwisha. Halafu sauti ya mwanaume, sijui ni ya dhihaka, sijui ni ya aibu, ikatoka nje: "Hodi, mama." Naye akaitika, "Karibu." Walichukua redio, walichukua na baiskeli ya baba, wakaenda zao. Hawakutugusa. Na wewe, kaka, ulininong'oneza sikioni kulekule chini ya kitanda: "Mama ameshinda."

Hodi ndiye huyo. Unamfahamu vizuri sana.

Utajitetea. Utasema simu ilikuwa mbaya, utasema matroni alilitamka vibaya. Nakubali, nimeshakuambia hata mimi lilinipita mara ya kwanza. Kwa hilo sikulaumu hata kidogo. Nakulaumu kwa jambo moja: hukusema, "Mpe simu nimsikie." Ungemsikia mara moja tu, ungetupa shuka ukapanda ndege. Lakini ulifikiri sana, ukatoa jibu, na jibu lako nusura limfanye mama kuwa mtu wa kidonge kwa sababu ya adabu aliyotufundisha.

Nilimweleza matroni hodi ni nini. Aliweka mkono mdomoni. Alisikitika, niliona. Nikamwambia, "Siombi mjifunze Kiswahili. Naomba neno moja. Akisema hodi, mmoja wenu ajibu karibu. Ataingia mwenyewe, wala hamtamvuta." Akavuta pumzi. Akasema wahudumu hubadilishana zamu, wengine huletwa na wakala kwa siku moja moja, na kila mzee ana lake, hawezi kuniahidi. Akasema kidonge bado ndicho salama. "I can't promise you that, my dear." Nikasimama. Nikamwambia, "Basi mimi naweza."

Nikatoka ofisini, nikampita mama pale nje, nikaingia kwenye kile chumba cha kulia, nikasimama katikati ya meza na kumgeukia. Wazee wote wakanitazama, mimi na aproni yangu yenye mafuta ya nywele. Mama akasema, "Hodi." Nikaitika kwa wimbo wake, kwa sauti yote niliyo nayo: "Kaaaribu! Karibu mama, pita ndani!"

Ungemwona! Alifuta miguu. Akaingia, akazunguka meza zote, akampa kila mzee mkono, mmoja baada ya mwingine, na wao, kaka, wakampokea, hata yule bwana ambaye waliniambia hasemi na mtu. Akaketi, akala ile supu isiyo na chumvi akaimaliza. Nikamngoja ashibe. Kisha nikachukua blanketi ya baba na mfuko wa vitenge, tukaaga, tukaondoka.

Sasa nisikilize. Usije ukaniambia nimefanya hivi kwa kuogopa maneno ya watu. Kanisani wapo wanaonipongeza eti nimekataa kumtupa mama. Pongezi zao wakae nazo, hakuna hata mmoja aliyekuja kunisaidia kumwogesha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na wewe usidhani napinga nyumba za wazee. Ikipatikana kesho nyumba inayoitika, nitampeleka mwenyewe, na wewe utalipa, na hatutagombana. Ninayoikataa ni nyumba isiyoitika. Naikataa leo, na ukipiga simu kwa sauti ya baba nitaikataa tena.

Kwa sasa tunakwenda hivi. Asubuhi namleta saluni, namkalisha kiti cha karibu na mlango. Wateja wangu wote nimewafundisha, hakuna kuingia hivihivi. Wazulu ndio wameshika haraka kuliko wote, wanasimama pale kizingitini wanacheka, "Hodi, gogo!", naye anawaitika, "Karibu, mwanangu," na wao, "Sharp, gogo, sharp," ndiyo sawa yao. Jumamosi saluni ikifurika anakaa na Mama Consolata, yule mjane Mrundi wa ghorofa ya chini. Mlinzi naye siku hizi hanipigii. Anamjibu mwenyewe kupitia dirisha lake, kisha anamrudisha kwenye lifti.

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Juzi alinipiga kofi kwa kudhani namwibia kitenge. Kuna siku nafunga mlango wa choo nakaa ndani nipate kupumua. Naye anakuja mpaka hapo, anasimama nje ya choo: "Hodi?" Nifanyeje, naitika.

Jina langu limeshamtoka. Lako lilitangulia kutoka, usihuzunike, hata la baba siku hizi analitafuta. Ananiita mama, ananiita mwenye nyumba, jana aliniuliza watoto wangu wako wapi, nikamwambia mmoja yuko Kanada. Akasema, "Kule ni mbali. Anakulaka nini?"

Kwa hiyo sikuombi pesa. Nakuomba uje. Najua unachoogopa, maana na mimi nilikiogopa: utavuka bahari yote ile, utasimama mbele ya mama aliyekuzaa, naye atakutazama usoni asikujue. Ni kweli, hatakujua. Lakini usiingie moja kwa moja, na usianze kujitaja jina. Simama nje ya mlango wetu hapo kwenye korido, rudi nyuma hatua moja, piga hodi. Ngoja, atakuchelewesha kidogo. Ataitika, kaka, na uso wake utabadilika, kana kwamba umetoka safari ya mbali. Kwetu mtu haulizwi jina kabla ya kukaribishwa.

Mlango hatujaubadilisha.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa mgongoni.