Pua za Penseli

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Amédée amekuja studio asubuhi. Siku hizi ni mtu wa usalama — huyuhuyu tuliyeimba naye besi katika kwaya ya Methodiste! Anataka katoni yangu ya negativu, sura zote za Kamina nilizopiga tangu nifungue. Tangu vita vianze wanawasaka Watutsi, eti watawatambua kwa pua nyembamba. Nikamwambia mteja alinilipa nimpige picha, hakunilipa nimuuze. Akacheka. Akafungua vitrini, kabati la kioo la nje, akachomoa picha ya harusi ya Lise, akaondoka nayo. Hata kuomba hakuomba.

Jumatano, 9 Septemba

Wamemkamata Lise! Binti wa Mukalay wa reli, Mluba wa hapahapa. Wamemsimamisha sokoni akinunua samaki wa Bukama, wakaweka picha kando ya shavu lake. Watu wakajaa. Walewale waliokula kuku wa harusi yake sasa wanasema pua ile iliwatia shaka siku nyingi. Tfu!

Pua gani? Pua ile niliitengeneza mimi. Kila bibi harusi wa Kamina anataka pua nyembamba. Basi nakwaruza negativu kwa wembe huku, natia penseli kule, inatoka pua ya kuringia. Mji mzima unajua — wao wenyewe ndio wanaoagiza. Lise ana pua pana ya baba yake. Iko usoni, wanaiona, na bado wanaamini karatasi.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimekwenda kwa komanda wa akina Amédée na negativu ya Lise. Hiyo moja tu. Katoni nimeificha kwa mama mkwe, chini ya mihogo mikavu. Nimemwonyesha alama za penseli. Wakamleta Lise, pekupeku, jicho limevimba. Komanda akatazama picha, akamtazama Lise, akarudi kwenye picha.

"Picha haisemake bongo, Papa. Mwanamuke njo iko anasema bongo." Yaani mwongo ni Lise, si karatasi.

Jumamosi lori linawapeleka wafungwa kambi kubwa ya jeshi. Waliopelekwa huko hatujamwona hata mmoja akirudi. Mukalay alikuwa nje ukutani, alisikia yote. Nimeshindwa kumtazama.

Ijumaa, 11 Septemba

Nimepata wazo. Ninayo negativu ya Amédée, ya kitambulisho. Nimemchonga pua safi, kazi nzuri kuliko ya Lise. Nikampelekea komanda picha yake: na huyu je? Nilitaka acheke. Nilitaka auone upumbavu wao, amfungue Lise twende nyumbani.

Hakucheka. Akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akamwita Amédée, akamwuliza mama yake kazaliwa wapi. Kaniama, chef, hukuhuku kwetu. Akamwuliza tena. Amédée akaanza kubabaika, jasho linamtoka. Nikasema ni penseli! Nikapiga meza! Komanda akanishukuru kwa kuipenda nchi, akanipa mkono. Nimeunawa kwa sabuni, bado unanitia kinyaa. Najichukia mimi kuliko yeye.

Jumamosi, 12 Septemba

Lori limeshawashwa mbele ya ofisi yao, ngurumo inafika hapa. Lise yumo. Amédée yumo. Mauwa, mke wa Amédée, yuko studio kwangu tangu alfajiri, mtoto mgongoni.

"Papa Séraphin, twende pamoja. Sema njo weye ulitengeneza ile pua."

Namwambia nimeshasema. Nilisema ya Lise, nikasema ya mumewe. Hakuna anayetaka kusikia.

Na mlangoni kuna foleni! Mwalimu Zacharie na wanawe, mabinti wa reli, mama wawili wa kwaya. Wamevaa nguo za kanisani. Wote wanataka picha ya kutembea nayo, waionyeshe wakisimamishwa, na wote wananong'ona kitu kimoja: nipanue pua. Nimewafokea waende zao. Hakuna aliyeondoka.

Mauwa amewatazama. Sasa anamfungua mtoto mgongoni, anampangusa uso kwa mate, ananiuliza kama naweza kuanza na huyu.