Umri Niliomtajia Daktari

Jumatatu, 15 Septemba
Nimefungua duka asubuhi, nimeuza vitenge viwili, nikafunga. Hospitali na mwanangu Nuru. Miaka kumi na minne na nusu, kidato cha pili, sketi ya shule bado tunaikunja kiunoni mara tatu. Daktari ni binti mdogo lakini kazi anaijua. Kampima urefu mara tatu. Picha ya mkono wa kushoto: mifupa ni ya mtoto wa miaka kumi na moja. Kisha akaniuliza, mtoto akisikia, mimi nilivunja ungo nikiwa na miaka mingapi. Nikasema kumi na miwili. Bila kupepesa jicho.

Uongo. Nilikuwa na kumi na saba.

Jumatano, 17 Septemba
Nuru hali chakula. Daktari alisema kama mama aliwahi, basi itabidi atafute ugonjwa: kwenye damu, pengine hata kichwani. Ananiuliza kama atakufa. Nimemwambia aache upuuzi. Dukani nimekata kitambaa vibaya mara mbili. Mimi, nisiyekosea!

Ijumaa, 19 Septemba
Kwa nini nilidanganya? Aibu. Kule kwetu Kiwangwa wenzangu wote walichezwa unyago, mimi nikabaki kubeba masinia. Somo wangu, wa kunifunda, alinisubiri mpaka akachoka. Waliniita Kisoda, kama kifuniko cha chupa ya soda, kwa udogo wangu. Nilipokuja Dunda kuolewa nikajitungia habari nyingine, na imenifaa miaka yote hii. Sasa inamtesa mwanangu. Basi, imetosha.

Jumatatu, 22 Septemba
Tumerudi hospitali. Nimevaa baibui jipya. Sikungoja kuulizwa.

"Daktari, nilikudanganya. Kumi na saba. Na nilikuwa mfupi kuliko huyu."

Nilitegemea anifokee. Akafuta, akaandika upya. "Ahsante, Mama Nuru. Hilo linanisaidia sana."

Damu atatoa hata hivyo. Baada ya miezi sita atapimwa tena, na asipoanza kupevuka, dawa ipo. Lakini kila mwaka urefu unaongezeka, na huenda mwili umechelewa tu, kama wangu.

Njia nzima Nuru kanitangulia, hakugeuka. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Jumanne, 23 Septemba
Nuru kala sahani mbili. Jioni kaja dukani, kanitazama juu mpaka chini, akauliza nilianza kurefuka lini. Nikamweleza yote, hata masinia, hata lile jina. Kacheka mpaka akakaa sakafuni.

Wakati wa kufunga kaniita Kisoda, mbele ya wateja. Nikaitika.