Kivuli cha Mashabiki

Jumapili, Lodwar

Na bado msimamizi wetu anasema nilikosea. Kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza tuliambiwa tufukuze watu wakimzunguka mgonjwa, apate hewa. Sawa. Lakini uwanja wa mpira tuliohudumia leo hauna mti hata mmoja, na mama mmoja shabiki aliangushwa na joto kwenye mchanga unaochoma. Aandike ripoti anavyotaka, mimi leo najivunia.

Nilipomwinua miguu, mashabiki walikuwa wameshatuzunguka. Nikawaambia, "Msiende. Simameni upande wa jua, mnyooshe shuka zenu." Wakajipanga, migongo ikielekea mechi. Nikamlowesha shingo na kwapa, nikampepea na kadibodi.

Niliogopa atanifia hapo, na ambulensi bado...

Ndipo uwanja mzima ukalipuka. Bao. Kati ya wale wenye shuka hakuna aliyegeuka. Jamaa mmoja aliuliza tu, mikono ikiwa bado juu, "Ni sisi tumefunga?"

Hakuna aliyekuwa ameona.

"Kwa kelele hizo," yule mama akasema, macho bado yamefumbwa, "ni sisi."