Baba, Amonia Ile Ilikuwa Dhaifu

Baba,

Leo sikuamkii. Nimekaa kibarazani, miche ya sabuni imeanikwa mbele yangu, na mara mbili nimeanza na lile neno la heshima na mara mbili nimelikata. Halitoki. Wewe umelala makaburini Ujiji, huwezi tena kunitazama juu ya miwani yako na kusema, "Mwajuma, salamu kwanza, maneno baadaye." Leo ni maneno tu.

Mama mzima. Bado yuko ndani, anamalizia eda, lakini ameanza kula vizuri na juzi nilimsikia akicheka na jirani. Mdogo wangu Ramadhani amerudi Dodoma, kwenye maabara yake ya hospitali. Redio yako Mama kaiweka karibu na kitanda, haiwashi, kaiweka tu. Wanafunzi wako wa zamani bado wanapita. Jana mmoja alinishika mkono hapa hapa mlangoni akasema, "Pole dada, Mwalimu Sudi ndiye aliyetufanya tuipende kemia." Nikamwambia ahsante. Nikaingia ndani nikajifungia chooni, maana nilitaka kupiga kelele.

Nami niliipenda, Baba. Kabla ya wote hao.

Unakumbuka zile Jumamosi? Ulichomoa kitaa kidogo kwenye tochi mbovu, ukavunja betri kuukuu na kutoa vile vijiti vyeusi vya katikati, ukaunga nyaya kwenye betri nzima. Mimi na Ramadhani tulichuchumaa pale pale nilipokaa sasa. Vijiti vikiingia kwenye maji ya chumvi, kitaa kiliwaka hadi Ramadhani akapiga makofi. Kwenye siki kikawaka kinyonge, kama jicho la mtu mwenye usingizi. Ramadhani akasema siki yako imechacha. Mimi nikauliza mbona kimefifia na siki ni kali kuliko chumvi. Ukaweka nyaya chini. Ukanitazama.

"Ukali wa ulimi ni kitu kingine," ulisema. "Chumvi ikiingia majini, chembe zake zote zinaachana, na hizo zilizoachana, ioni, ndizo zinazobeba umeme. Siki haiko hivyo. Asidi yake ni dhaifu: chembe chache tu zinaachana, nyingi zinabaki zimeshikana. Na hizo chache hazitulii. Hizi zinarudiana, zile zinaachana, kutwa kucha, lakini wingi wao ni ule ule."

Halafu ukamwita Mama aje kusikia swali nililouliza. Ukamwambia, "Huyu ndiye atakayeniuzia dawa uzeeni." Nilikuwa mdogo lakini nililibeba lile neno. Nililala nalo. Nilipoingia sekondari, shule yako mwenyewe, nilikuwa tayari mfamasia, ilikuwa kungoja miaka tu.

Sasa nikukumbushe siku nyingine. Tumemaliza kidato cha pili, tunapangwa michepuo. Ulirudi nyumbani ukiwa umekunja mikono ya shati, hukukaa. Ulisema ukiwa umesimama mlangoni: "Walimu tumekaa kikao. Kemia na fizikia hutaziweza. Utasoma historia na lugha."

Nilikuuliza, "Hata wewe umeona hivyo?"

Ukasema, "Hata mimi."

Baba, maneno mawili yale. Nililia hadi Mama akaogopa. Kesho yake ulininunulia viatu vipya, nikavivaa, nikakushukuru! Nilikushukuru kwa kunificha aibu, maana nilidhani ungeweza kuwatangazia watu kwamba binti wa Mwalimu Sudi ni mzito wa kichwa, na hukunitangaza. Tangu siku hiyo niliacha kuinua mkono darasani, hata kwenye historia. Matokeo ya kidato cha nne yalipokuja mabaya sikushangaa. Nikaingia kwenye sabuni na Mama, mawese na kostiki, ile soda kali ya sabuni, na Ramadhani alipopita mchepuo ule ule wa sayansi nilimfulia koti lake jeupe la maabara na kulipiga pasi.

Nimeishi hivyo mpaka nimefika umri huu. Nikijua mimi ni mtu asiyeweza.

Siku ya khitma ya arobaini yako alikuja mwanamke kutoka Mwamgongo, kijiji cha ziwani. Alishuka boti Kibirizi asubuhi, akafika na beseni la dagaa kichwani, amefunga kanga vizuri, jicho lake la kulia lina ukungu mweupe. Aliwaamkia wanawake wa Kiha waliokuwa jikoni, "Mwakeye," kisha akauliza Mwajuma ni yupi. Nilikuwa nachambua mchele. Akakaa kwenye mkeka karibu yangu na kuniangalia kwa lile jicho zima.

"Kumbe ndiwe. Ndiwe uliyetolewa kemia kwa ajili yangu."

Nilidhani amekosea mtu. Nikamwambia, "Dada, mimi sikutolewa kwa ajili ya mtu. Sikuiweza."

Akaacha kutabasamu. "Nani kakwambia? Baba yako aliniambia ulikuwa unawashinda wavulana wote."

Mchele ukanitoka mikononi. Wanawake wakadhani nalia kwa ajili yako.

Anaitwa Sikujua, ndilo jina lake, na wewe unalijua. Alinieleza yote pale pale, kwa sauti ya chini, anadhani ni habari ninayoifahamu, na alipogundua siifahamu alikuwa ameshafika katikati, hakuweza kurudi nyuma. Alikuwa mwanafunzi wako Kasulu, bweni, kabla hatujahamia hapa Buzebazeba. Siku ya majaribio uliwapangia chupa mezani. Wasichana waliogopa. Ukawaambia, "Zile ndizo asidi kali, msiziguse. Hii ni amonia, besi dhaifu, msiiogope." Sikujua akajitolea kuifungua. Lilikuwa jua kali, chupa ilikuwa na joto, na ilikuwa amonia nzito ambayo hukuwa umeizimua bado. Kizibo kilipotoka hewa ilimrukia usoni. Ulimbeba wewe mwenyewe mpaka kwenye bomba, ukamshikilia kichwa chini ya maji. Jicho moja likapona. Moja halikupona.

Kila likizo ulituambia unakwenda kumsalimia rafiki wa zamani ziwani. Ulikuwa unakwenda kwake. Na mara moja, mwaka ule wa viatu vipya, ulimwambia, "Nimemtoa na wangu. Sitaki kuliona tena jambo lile."

Nilimuuliza Sikujua kama ana kinyongo na wewe. Akasema, "Kwa jicho, hapana, ilikuwa ajali. Lakini mimi nilitaka kurudi maabara. Nilipopona nilimwambia hivyo. Yeye ndiye aliyekwenda kuwaambia wazazi wangu bora niache. Walimsikiliza, alikuwa mwalimu. Mimi hakuniuliza mtu."

Basi tulikuwa wawili.

Watu walipoondoka niliingia kwa Mama. Nikamuuliza kama alijua. Alijifunika uso kwa ukaya wake akasema, "Aliniapisha, mwanangu. Alikuwa anaweweseka, anaita maji, maji." Nikamwambia kuweweseka kwako nakuonea huruma. Lakini kwa nini hukusema unaogopa? Ungesema, "Mwajuma, naogopa," ningekubali hata kusoma kushona. Ningejua ni woga wako. Badala yake ulichukua woga wako ukaniambia ni ujinga wangu, ukaniachia niubebe, na ukaniangalia nikiubeba kila siku mezani, ukinipa kipande cha samaki mgebuka chenye mafuta.

Na Ramadhani ulimwacha. Macho ya Ramadhani hayaungui?

Na kostiki, Baba! Hilo ndilo linalonifanya nisimame na kuzunguka uani peke yangu. Ulinitoa maabara nisiungue, kisha ukaniona nikikoroga kostiki kwenye pipa hapa hapa nyuma ya nyumba, bila miwani, bila glavu. Uliijua kostiki ni nini. Haina udhaifu wowote ile, ikiingia majini inaachana yote. Ilinichoma kifundo cha mkono, wewe ndiye uliyenimiminia maji, ukasema, "Uwe mwangalifu," ukaenda msikitini. Kama ni mwili wangu uliokuwa unaulinda, mbona hapa hukuulinda? Nimeligeuza hili swali kila upande. Nadhani jibu ni kwamba sabuni isingekuwa kosa lako. Maabara ingekuwa.

Sasa nikupe habari yangu. Nimejiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nasoma tuisheni Rusimbi jioni, kwa kijana mmoja anaitwa Mwalimu Elia, tunakaa na watoto wanaoniita mama. Wiki ya kwanza nilitaka kukimbia. Wiki tuliyofika elektroliti dhaifu, zile zinazopitisha umeme kidogo, Mwalimu Elia aliuliza darasa zima, "Dhaifu maana yake nini?" Nikainua mkono. Ulikuwa mzito, Baba, kama nimeshika ndoo. Maneno yako ya siki yalinipotea, nikakumbuka chupa ya Sikujua tu, nikasema, "Isiyochoma." Watoto wakaguna.

Hakunicheka. Akasema, "Hapana, mama, hapo wengi wanaanguka. Dhaifu ni habari ya chembe ngapi zinaachana zikiingia majini. Nzito au nyepesi ni habari ya umeweka kiasi gani kwenye maji. Ni mambo mawili. Kitu kinaweza kuwa dhaifu na kizito kwa pamoja, na hicho kinaua."

Nilirudi nyumbani nikaunga nyaya kama ulivyounga. Siki kwenye bakuli, kitaa kikawaka kinyonge. Nikaongeza maji. Kitabu kinasema ukiongeza maji, sehemu kubwa zaidi ya chembe huachana, nami nikangoja mwanga upande. Ukafifia! Nilikaa pale nikikasirika na bakuli. Ilinichukua muda kuona: ni kweli katika kila mia zinaachana nyingi kuliko mwanzo, lakini sasa zimetawanyika kwenye maji mengi, kwa hiyo kati ya vijiti viwili zinapita chache. Nilielewa peke yangu, hakuna aliyenieleza. Nilicheka kwa sauti. Nikageuka kukutafuta.

Halafu nikafikiria chupa ya Sikujua na kicheko kikaniisha. Maana nimeelewa na hiyo. Amonia ni dhaifu, sawa, hukudanganya. Majini ni chembe chache tu zinazobadilika kuwa ioni. Lakini hizo nyingi zilizobaki si zimebaki amonia yenyewe? Zimejaa ndani ya chupa, zinapata joto, zinasukuma kizibo. Ule udhaifu uliomtuliza nao ndio uliomrukia. Na wewe ulilijua hilo kuliko Mwalimu Elia na kuliko mimi. Ulilisahau kwa sentensi moja, kwa kutaka watoto wasiogope. Ningeweza kukusamehe sentensi hiyo. Nimeshakusamehe, nadhani. Ile nyingine, "Hata mimi", hiyo bado.

Nilikwenda Mwamgongo Ijumaa iliyopita kumwambia Sikujua nilichoelewa. Nilimchorea mchangani, chembe zilizoshikana na zilizoachana. Alisikiliza mpaka mwisho, akiangalia mitumbwi. Akasema, "Miaka yote nilidhani mimi ndiye nilifungua vibaya."

Hilo nalo hukumwambia. Likizo zote zile, sukari na vitenge ulivyompelekea, na hukumwambia kwamba hakufungua vibaya.

Nachoka, Baba. Nakupenda na sijui niweke wapi hasira hii, na sabuni zimeshakauka upande mmoja, inabidi nizigeuze.

Nenda salama. Mungu akupe nuru huko uliko na akupunguzie kile kilichokuwa kinakuamsha. Nimeulizwa kwenye usajili majina yangu kamili nikaandika Mwajuma Sudi, maana sina jingine, kwa hiyo utaingia chumba cha majaribio pamoja nami upende usipende. Nitavaa miwani ya kinga. Nitasoma kibandiko cha kila chupa kabla sijaigusa.

Na nakuahidi jambo moja. Matokeo yakitoka, yawe mazuri yawe mabaya, nitakuja kaburini mimi mwenyewe nikuambie. Habari zangu hutazisikia kwa mtu mwingine.

Mwanao,
Mwajuma