Kilo za Yvette

Mbarara, 4 Juni 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa mjini. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na maharage hayajachomwa na jua. Mimi ni mzima kiasi, na hicho kiasi ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Usishangae kuona karatasi. Nikikutumia sauti kwenye simu, unaisikiliza pale unapochajia, na foleni nzima ya Kabazana inasikiliza pamoja nawe. Barua hii nampa Audace mkononi, maana gari lake linafika kwenu kila Jumatano.

Mama, mwezi uliopita nilisinzia dukani nikiwa nimesimama. Nilikuwa nampimia mteja maziwa, nikashtuka yanatumwagikia miguuni na yeye ananipigia kelele. Si uvivu. Daktari Rugamba alinipa kifaa cha kufunga kidoleni nilale nacho, kisha akaniambia pumzi yangu inakatika mara nyingi usingizini. Sukari nayo imepanda, ninameza vidonge. Nina kilo mia moja ishirini na saba. Kujinyima chakula nimejaribu, unajua mwenyewe. Mwaka jana nilipunguza kilo tisa, zikarudi kumi na mbili.

Amenieleza kwamba kuna njia za kutibu unene hospitalini. Alikaa nami karibu saa nzima, nami nakuandikia nilivyoelewa. Kuna puto. Linapitishwa mdomoni hadi tumboni, linajazwa maji, unashiba upesi. Baada ya miezi sita hivi linatolewa, na mara nyingi kilo hurudi. Kuna mkanda wa kubana tumbo kwa juu, ila anasema siku hizi hawaupendi, wengi huishia kurudi kuutoa. Kuna kukata tumbo: wanaondoa sehemu kubwa, kinabaki kifuko chembamba kama ndizi, na kilichokatwa hakirudishwi. Halafu kuna ya nne, ambapo wanatenga kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo huko chini, chakula kisipite njia yake ya zamani. Hiyo ni kazi kubwa zaidi, lakini inaipiga sukari vizuri zaidi. Hizi mbili za mwisho zinataka umeze vitamini maisha yako yote, na usibebe mimba mpaka mwaka na nusu upite.

Nimechagua ile ya tatu. Septemba watakuja wapasuaji wanaofundisha wenzao, watawapasua watu sita bila kuwadai, na jina langu limo. Sharti ni mtu wa kuniuguza wodini, kisha mwezi mmoja nyumbani. Daktari aliniuliza kwa Kiswahili chake, “Wewe nyumbani iko nani ya kukuchunga?” Nikasema mama yangu. Nisipokuwa na mtu, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Nisaidie, Mama. Kisu nakiogopa, lakini kulala nakuogopa zaidi.

Binti yako,
Yvette

Nakivale, 11 Juni 2025

Yvette mwanangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima, goti linalalamika kama kawaida yake, maharage yamekubali. Jirani yangu Marcienne anakusalimu. Sikumwambia kitu, maana Marcienne ukimwambia asubuhi, kabla ya mchana Warundi wote wa zoni yetu hapa kambini wanajua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Jibu ni hapana.

Hizo kilo unazotaka kuzikata unajua zilitoka wapi? Tulipofika hapa tukikimbia kutoka Fizi ulikuwa na miaka mitatu. Walikuning'iniza kwenye mzani kama mbuzi, mshale ukasimama kwenye kilo nane. Mdogo wako Bienvenu alikuwa na kilo nne na nusu, na wiki mbili baadaye tulimzika. Wewe nilikupigania. Nilikwenda hadi Endiinzi kulima mashamba ya wenye ng'ombe, wanilipe maziwa. Siku mzani uliposema kumi niliimba njia nzima, watu wakadhani nimelewa. Leo nije nikae kwenye benchi wakati watu wanalikata tumbo lile lile nililolijaza? Tafuta mtu mwingine.

Na hao madaktari wanakujua wapi? Umewaambia kwamba tangu una miaka kumi na tano hulali chali bila mito miwili mgongoni? Umewaambia karanga mbichi unazoficha kitandani, uzitafune moto unapopanda kifuani? Maharage ya jioni tu yanakuchoma, hicho kifuko kama ndizi utakiweza? Daktari asiyejua hata hilo, mimi simpi mwanangu.

Nimempa Audace unga wa muhogo akuletee. Kula vizuri.

Mama yako

Mbarara, 2 Julai 2025

Mama mpendwa,

Salamu na heshima. Unga umefika, nusu nimempa mwenye nyumba. Pole na goti.

Barua yako ilinikasirisha siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaipeleka kwa daktari, nikamsomea kile kipande cha karanga. Akaweka kalamu chini. “Mama yako iko daktari?” Nikamwambia ni mkulima. Akaniuliza kwa nini sikusema mapema, wakati aliniuliza kama nina shida ya tumbo nikasema sina. Mama, sikudanganya. Nilidhani kila mtu hulala hivyo.

Wakapitisha kamera kooni. Njia ya chakula ina vidonda vya asidi. Anasema ile niliyoichagua ingeweza kuuzidisha huo moto, na kwamba kwangu inafaa ya nne. Nimemwambia anieleze tena kwa sababu utaniuliza. Mshono unaweza kuvuja. Damu inaweza kuganda miguuni, kwa hiyo siku ile ile watanisimamisha nitembee. Nikila sukari nyingi nitatetemeka na kuharisha. Watu hufa? Wachache sana, alisema. Hakusema hakuna.

Kuhusu Bienvenu sijui nikuambie nini. Hukuwahi kunitajia kilo zake. Uliyonifanyia siyasahau. Lakini barua hii naiandika nimekaa kitandani, kwa sababu nimechoka kushtuka nikitafuta pumzi, na hilo haliwezi kungoja mpaka tukubaliane. Njoo, Mama.

Binti yako,
Yvette

Mbarara, 20 Agosti 2025

Mama,

Salamu kwako na kwa Marcienne. Audace anasema ile ya Julai alikukabidhi mkononi, ukaifunga kwenye pindo la kitenge bila kuifungua. Kwa hiyo narudia kwa ufupi. Madaktari wamebadilisha, ni ile ya nne, na ni kwa sababu ya maneno yako. Nitapasuliwa Jumanne, tarehe 16 Septemba. Jina la mtu wa kuniuguza linatakiwa kabla Agosti haijaisha, na awepo mwenyewe mbele ya daktari aelezwe chakula changu. Nimeandika lako. Usipofika watalifuta, na langu pia.

Sina maneno mengine.

Binti yako

Nakivale, 29 Oktoba 2025

Yvette mwanangu,

Nakusalimu tena kwa karatasi, baada ya majuma mengi ya kukusalimu uso kwa uso. Habari ya kidonda? Vitamini unameza? Usinijibu kwamba unameza, nionyeshe kopo likiwa tupu. Mimi nilifika salama. Nyumba nimeikuta imesimama, ila kuku wawili hawapo, na Marcienne anasema ni mwewe. Mwewe huyo nadhani ana sufuria.

Ulinilaumu pale wodini kwamba nilikuacha bila jibu hadi siku ya mwisho, ukanikuta tu kwenye mlango wa daktari nimejitwika mkeka. Nilijaribu kujibu. Barua yako ya Julai niliifungua mwezi mzima baadaye, na kila nilipoandika ndiyo nilikuwa nakiona kile kimzani, nikaichana karatasi. Kupanda gari ilikuwa rahisi zaidi.

Picha uliyonitumia imezunguka. Marcienne alinifuata hadi shambani: “Mama Yvette, ule mutoto yako amekonda mingi, iko na ile ugonjwa?” Nikamwambia, “Hapana, bamemupasua tumbo, sasa anapumua na usingizi yake inakuwa muzuri.” Akaenda moja kwa moja kuwaambia Warundi wa zoni. Tumekuwa majirani miaka tisa, namjua.

Sasa kuna jambo nililokuficha. Unakumbuka lile juma la tatu baada ya kisu, siku daktari aliporuhusu uji mzito? Ulimaliza kikombe chako kidogo, ukaniangalia, ukasema, “Mama, niongezee kidogo tu.” Sufuria ilikuwa na uji nusu. Nikasema hapana, nikaifunika, nikatoka nje. Uliponiona nimekawia ulidhani nimekasirika, na hukunisemesha mpaka jioni.

Sikukasirika. Nilikuwa nyuma ya choo cha wapangaji, nalia mpaka jirani yako mmoja akaniuliza nimefiwa na nani. Tangu nikuzae nimekunyima chakula mara nyingi, mwanangu, lakini ni kwa sababu hakikuwepo. Kukunyima kipo, na bado cha moto, sikujua kama naweza.

Ukiomba tena, nitakunyima tena.

Mama yako