Nukta Mbele ya Jina

Baba,

Nimeuza ile kompyuta yako ya kijivu. Usikasirike kabla sijamaliza. Ilikuwa inanguruma kama posho mili ya kusaga mahindi, na wanafunzi wetu wa kompyuta hapa dukani Majengo walikuwa wanaikimbia. Mwalimu mmoja wa mtaa wa Skuta akaitaka, aifute yote aanze upya. Nikahamishia kazi zako kwenye mashine mpya: nikaandika amri ya kunakili, nikaweka ile nyota ya kuchukua kila kitu, nikamkabidhi ile ya kijivu.

Jana asubuhi nikaingia kwenye hiyo mpya. Kimya. Pale ambapo miaka yote skrini iliniuliza, "Maitu, umekunywa chai?" hapakuwa na neno. Baba, nililia mpaka mteja akaondoka. Ni wewe tu uliyeniita Maitu, mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako. Tangu tukuzike, imebaki kompyuta kuniita hivyo.

Ndipo nikakumbuka somo lako la kwanza. Jina la faili likianza na nukta, "ls", ile amri ya kuorodhesha faili, haiionyeshi, na nyota nayo inaiacha. Nilikuuliza kama ni siri, ukanicheka: "Siri gani? Hiyo haijafungwa ati. Wewe mgeni akikuja unamwonyesha sufuria iko na masizi? Si inakaa tu jikoni? Ongeza -a, zote zitatoka." Salamu yako uliiandika kwenye .profile, faili ambayo kompyuta huisoma kila ninapoingia. Na mimi, mwalimu mzima, niliiacha nyuma.

Ikifutwa, basi. Nilienda Skuta mbio, disketi mkononi, kandambili miguuni. Mwalimu alikuwa bado anatafuta meza ya kuiweka. Nikaandika "ls -a". Zikatokea zote, nukta zao mbele, na yako ikiwemo. Nilimwambia nimesahau faili ndogo tu, na kweli ni ndogo, mistari miwili. Nikainakili kwenye disketi, nikairudisha dukani, kwenye mashine mpya.

Pumzika sasa, Baba. Nakuahidi wanafunzi wangu watajua nukta kabla ya kujua nyota. Na kuna jambo lingine. Tangu uende nimekuwa nikifungua duka na tumbo tupu, hilo swali lako nalipita bila kulijibu. Leo limetokea tena, nikalijibu kwa sauti, kikombe mkononi: nimekunywa, Baba.

Ni mimi,
Maitu wako