Jumamosi Nina Mtu

Mwanangu,

Mimi mzima, na cherehani nayo nzima, ila mkanda umelegea kama mwenyewe. Nikikupigia, kuna dada anasema hupatikani. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Simu uliyoniachia nimeishonea mfuko kwa kipande kilichobaki kwenye sare za shule. Naivaa shingoni hata nikiwa kazini. Wateja wananiomba namba ili waulizie nguo zao, nami nawanyima. Naogopa usije ukapiga ukakuta naongea na mtu habari za pindo la sketi. Mama mwenye nyumba ananiita mchoyo. Acha aseme.

Mwezi wa kwanza tangu uondoke simu ililia mara moja tu. Alikuwa dereva wa lori, anamtafuta fundi wa matairi. Nikamwambia mimi ni fundi wa nguo, tukacheka. Kabla hajakata akaniuliza, "Mama, umeshakula?" Sikuwa nimeulizwa hivyo siku nyingi.

Sasa yeye hunipigia kila Ijumaa. Shikamoo, umeshindaje, basi.

Wewe ulisema utapiga Jumamosi. Hukusema ipi, na sikulaumu, najua kazi zimekubana. Juzi dereva aliniomba anipigie Jumamosi, kwa kuwa Ijumaa atakuwa njiani, porini, hakuna mtandao. Nilimkatalia. Nilimwambia siku hiyo haiwezekani, huwa naongea na mwanangu.

Namba ni ile ile.

Mama yako